Krismasi Pwani? Muulizeni shosho kwanza

Kila Desemba ni hadithi ile ile: Nairobi inahama. Nusu inaenda ushago, nusu inashuka Mombasa kuonja chumvi. Mwaka huu wa 2020 ungedhani korona itatufungia kwa nyumba, lakini wapi! Kila ukifungua simu ni mtu anaposti tiketi ya SGR.

Na nani atawalaumu? Kuanzia Aprili hadi Julai 7 hatukuruhusiwa kutoka jijini, nao watu wa Mombasa walikuwa wamefungiwa kwao, na wale wa Kilifi na Kwale hadi Juni. Watoto wengi wako nyumbani tangu Machi, ukitoa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne waliorudi Oktoba. Watu sita kwa nyumba ya vyumba viwili miezi tisa, mazee, hata ukuta unaanza kukuudhi. Shule zinafunguliwa Januari 4, kwa hivyo wazazi wanaona ni sasa au basi.

Pwani nayo inatungoja. Ndege za kimataifa zilirudi Agosti 1, lakini wazungu bado ni wa kuhesabu. Yule jamaa wa ngamia pale Pirates, mama wa viazi karai, mpiga picha wa ufuoni, dereva wa tuktuk kule Ukunda, hawa hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Mgeni asipokuja, sufuria haibandikwi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Shida ni kwamba mwaka huu mgeni anaweza kuja na mwenyeji akaugua. Sisi wa Nairobi ndio tunaongoza kwa visa nchini. Unaweza kubeba virusi bila hata kupiga chafya, ukamwachia mama wa viazi, naye akavipeleka Likoni kwa nyumba iliyo na mzee na wajukuu. Wewe ukirudi Umoja, hutajua kamwe.

Na usiniambie eti ukiugua utaenda hospitali. Wauguzi na maafisa wa kliniki wamegoma tangu Desemba 7. Mwezi huu huu tumempoteza Daktari Stephen Mogusu, aliyeuawa na korona akiwa na miaka 28. Hiyo ni rika letu. Kwa hivyo ile stori ya "huu ni ugonjwa wa wazee" iacheni.

Kwetu mjadala umekuwa moto. Orodha ya safari ilikuwa na watu kumi na mmoja, shosho akiwemo. Ana miaka 74 na ana sukari. Matha alisema hewa ya bahari itamfaa, anko akasema tunampeleka kaburini. Wiki mzima wanavutana, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Binamu yangu alipompigia, shosho alicheka tu: "Bahari haina miguu. Nipelekeni Februari, mkienda watu wachache."

Na ukifikiria, ako sawa. Upepo wa kaskazi huvuma hadi Machi, umati huwa umeondoka, na bei za vyumba huwa zimeshuka. Yule wa ngamia pia anakula Februari, si Krismasi peke yake.

Lakini kama yenu lazima iwe sasa, kaeni chini mkubaliane haya kabla ya kutuma pesa.

Punguzeni watu. Wanaoishi nyumba moja wasafiri pamoja. Mambo ya kukusanya mabinamu wa mitaa minne yangoje.

Usafiri. SGR ya Sh1,000 ni rahisi, lakini ni kama saa tano ndani ya behewa lililofungwa na watu usiowajua. Gari lenu, madirisha wazi, ni afadhali. Matatu ya abiria 14 inafaa kubeba 8. Ikijazwa, shuka.

Malazi. Nyumba ya kukodisha mjipikie inashinda foleni ya chakula hotelini. Amkeni mapema mnunue samaki kwa wavuvi wenyewe. Kabla ya kulipa, ulizeni kama mnaweza kubadilisha tarehe, na jibu liwe kwa maandishi.

Ufuo. Maji ya bahari si shida, shida ni umati. Nendeni alfajiri, mkiangalia saa za maji kujaa na kupwa. Mchana wa Krismasi waachieni wengine. Barakoa ivae unaponunua madafu au kupanda ngamia. Ikilowa, badilisha. Ukipatikana bila, faini inaweza kufika Sh20,000. Kafyu ni saa nne usiku hadi Januari 3, kwa hivyo mihogo ya Mama Ngina kuleni jioni.

Homa. Hili ndilo gumu. Mtu akiamka na joto siku ya safari, haendi, hata kama ndiye aliyelipa. Kubalianeni leo kwamba atarudishiwa pesa zake, la sivyo atameza dawa anyamaze aingie kwa gari.

Mkirudi, msipitie kwa shosho kumwonyesha picha. Zitumeni kwa simu, mmpigie, mngoje siku 14. Mabuyu hayaozi, mtampelekea baadaye.