Je, Wajua? Kifaru cha Tani 100 Kilichoishia Karatasini

Mwaka 1941 wahandisi wa kiwanda cha Kirov, Leningrad, walichora kifaru cha vita cha tani 100 hivi, KV-5, ambacho hakikuundwa hata kimoja. Kilipangiwa mzinga wa milimita 107, na kwa kukosa injini moja ya kukisukuma, wakaamua kufunga mbili za dizeli sambamba. Ujerumani ilipovamia Juni 22, haikuchukua muda kazi hiyo ikasimamishwa ili kiwanda kitoe vifaru vya KV-1. Wapo wanaouhesabu uamuzi huo kuwa hasara. Mimi nauona ulikuwa sahihi kabisa: kifaru hupanda treni, huvuka madaraja na huvutwa na wenzake kikikwama matopeni, na kwa tani 100 yote matatu yangekuwa mashaka.

Mtu atauliza: je, Wasovieti hawakuhitaji kifaru kizito Tiger ya Wajerumani ilipotokea? Walihitaji, lakini jibu lao, IS-2, lilikuwa na tani 46 tu, tena likabeba mzinga mkubwa zaidi, wa milimita 122. Hata kilichotufikia Afrika Mashariki kilifuata njia hiyo. Meli ya Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008, ilibeba vifaru 33 vya T-72, muundo wa Kisovieti wa tani 41 hivi. Serikali jijini Nairobi ilishikilia kwamba ni vya jeshi la Kenya, na Februari 2009 meli hiyo ikatia nanga Mombasa.