Gari Lisilomtambua Mwenyewe

Jua likishazama, gari la kifahari la siku hizi halisubiri kuguswa. Mwenye ufunguo akiwa bado hatua chache kutoka mlangoni, vioo vya pembeni vinakunjuka, vitasa vinawaka na ardhi iliyo chini ya milango inapata mwanga. Kwa mtu anayetembea peke yake saa nne usiku katika maegesho ya hospitali au ya uwanja wa ndege, mwanga ule si urembo. Unamwonyesha dimbwi lilipo, na unamwonyesha kama kuna mtu amesimama upande wa pili. Ndiyo maana inauma kulipa mamilioni, kukabidhiwa gari, kisha usiku wa kwanza kulikuta limezubaa gizani huku ufunguo uko mfukoni.

Wengi wetu hapo humpigia fundi simu. Fundi naye akiona gari jipya na mwenye mali aliyekereka, hutaja upesi kifaa cha kubadilisha, iwe moduli, antena au ufunguo mwingine. Makala haya yanapinga haraka hiyo. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Gari limezuia taa zake lenyewe kwa sababu zilizoandikwa katika kitabu kilichomo kwenye droo ya dashibodi, au kuna mtu aliyelielekeza lizizuie, pengine tangu kiwandani. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwenye gari anastahili kujua amri hiyo imetoka wapi.

Teknolojia yenyewe ina umri. Mwaka 1993 Chevrolet ilitoa Corvette iliyofungua milango pale mwenye rimoti alipoikaribia, na kuelekea mwisho wa muongo ule Mercedes-Benz ikaleta mfumo wake wa KEYLESS-GO kwenye S-Class. Msingi haujabadilika sana tangu hapo. Ndani ya vitasa, kwenye bampa na katika sehemu ya abiria kuna antena ndogo zinazotuma mawimbi ya masafa ya chini, kwa kawaida kilohezi 125 au 134. Mawimbi hayo hufifia upesi sana kadiri umbali unavyoongezeka, na imekusudiwa hivyo ili yasikiwe na ufunguo ulio karibu tu. Ufunguo ukiyasikia huamka, hukokotoa jibu la siri na kulirusha kwa masafa ya juu, yaani megahezi 433 hivi kwa magari ya Ulaya na 315 hivi kwa yale yaliyotengenezewa soko la Japani au Marekani. Gari linanong'ona, ufunguo unajibu kwa sauti.

Jibu likikubaliwa, kompyuta ya gari haikimbilii kuwasha taa. Inaangalia kwanza kama milango yote ilifungwa na kulokiwa, kama nje kuna giza la kutosha, kama mwenyewe ameruhusu taa hizo katika mipangilio, na kama betri ina nguvu ya kumudu anasa hiyo. Sharti moja likikosekana, giza. Wala dashibodi haitatoa onyo lolote, kwa sababu kwa hesabu ya gari hakuna hitilafu.

Kwa hiyo kuna jaribio moja ambalo ningetaka kila mwenye gari la namna hii alijue, kwa kuwa halihitaji kifaa na linagawa tatizo katika sehemu mbili. Lifunge gari, sogea mbali nalo kidogo, ngoja dakika kadhaa, kisha rudi na ufunguo mfukoni bila kubonyeza chochote, ushike kitasa. Mlango ukifunguka, gari na ufunguo vinaelewana, na suala limebaki kwenye masharti au kwenye taa zenyewe. Usipofunguka, achana na taa kabisa. Mazungumzo ndiyo yaliyokatika, na hata ukibadilisha balbu zote hutapata kitu.

Tuanze na gari linalofunguka lakini haliwaki. Hapa kosa ninaloliona likirudiwa gereji ni kupima taa hizi saa sita mchana. Magari mengi yana kihisi cha mwanga karibu na kioo cha mbele au juu ya dashibodi, na jua likiwaka taa za kumpokea mwenyewe hazina sababu ya kutoka. Gari lililoegeshwa chini ya taa kali ya ulinzi, mita chache kutoka kwenye nguzo, linaweza nalo kuamini kwamba bado ni mchana. Lihamishie kwenye kivuli cha usiku ulijaribu upya.

Kisha fungua mipangilio ya taa kwenye skrini. Katika magari kadhaa ya Ulaya mipangilio hufuata wasifu wa dereva, na wasifu hufungamana na ufunguo au simu. Baba akiruhusu taa kwa wasifu wake, mama mwenye ufunguo wa pili anaweza kuendelea kukuta giza kwa miezi, na kila mmoja akaona mwenzake anatia chumvi. Inafaa pia kuangalia kama gari lako lina kipengele hicho kweli. Yapo magari ya bei kubwa ambayo taa zake huwaka baada ya kubonyeza rimoti tu, na toleo la bei ya juu zaidi ndilo lenye kumtambua mtu akiwa njiani. Muuzaji akikuonyesha video ya toleo jingine, hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Bonyeza rimoti usiku. Taa zikiwaka kwa kitufe, basi balbu, waya na fyuzi ni vizima. Upande mmoja ukikataa hata kwa kitufe, huo sasa ni ubovu halisi, na mahali pa kwanza pa kutazama ni waya unaopita kwenye maungio ya kioo cha pembeni, kwa kuwa kila kioo kinapojikunja waya ule nao hukunjwa.

Gari lisilofunguka kabisa lina visa vyake. Cha kwanza ni betri ya ufunguo. Funguo nyingi hutumia CR2032 au CR2450, na namba hizo zina maana: milimita 20 za upana na 3.2 za unene kwa ile ya kwanza, 24.5 na 5 kwa ya pili. Betri iliyochoka inaweza bado kufungua mlango ukibonyeza kitufe, lakini mawasiliano ya kimyakimya yakawa ya kubahatisha, hivyo usidanganywe na kitufe kinachofanya kazi. Ufunguo wa gari jipya unaweza kuwa umekaa na betri yake ghalani na melini kwa muda mrefu kabla hujaushika. Baadhi ya betri hizi hupakwa kitu kichungu ili mtoto aziteme, na tabaka hilo linaweza kuzuia mguso mzuri ndani ya ufunguo. Uchungu huo una sababu nzito. Betri ya namna hii ikikwama kooni mwa mtoto huunguza nyama za ndani kwa muda wa saa chache tu. Iliyotolewa isiachwe mezani hata kidogo, na mtoto akishukiwa kumeza apelekwe hospitali hapo hapo.

Jaribu ufunguo wa pili kabla ya kuendelea. Wa pili ukifanya kazi vizuri, gari halina neno. Angalia pia unaubeba wapi ule wa kwanza. Kuubana mfuko mmoja na simu ni kuutafutia matatizo, na vitabu vya watengenezaji husema hivyo wazi. Chaja za simu zisizo na waya nazo hutumia masafa yaliyo jirani kabisa na yale ambayo gari hunong'onea, kwa hiyo ufunguo uliowekwa juu ya chaja hausikii kitu. Mnara wa redio, kituo cha kuzalisha umeme, hata karatasi nyeusi ya vioo yenye chembe za chuma, vyote vimetajwa katika vitabu hivyo kama vizuizi. Kama gari linakataa mahali pamoja tu na kukubali kwingine kote, lawama ni ya mahali hapo.

Lakini kisa ninachokiona kinawafaa zaidi wasomaji wa kwetu ni cha usingizi wa gari. Nyumba nyingi za mjini zina uwanja mdogo, gari linaegeshwa likigusana na ukuta wa sebule, na upande wa pili wa ukuta huo kuna msumari wa kutundikia funguo. Gari linauhisi ufunguo usiku kucha. Vitabu vya Toyota na Lexus vinaeleza kwamba ufunguo ukiachwa umbali wa kama mita 2 kutoka kwenye gari kwa dakika 10 au zaidi, mfumo unaweza kuchelewa kuitika. Usipotumika siku 5, vivyo hivyo. Siku 14 zikipita, ni mlango wa dereva peke yake utakaokubali kufunguka bila kitufe. Lengo ni kuzilinda betri zote mbili, ya gari na ya ufunguo. Sasa mtu anayeendesha Jumapili hadi Jumapili, au aliyekwenda likizo kijijini, akirudi hudhani ameibiwa kifaa. Dawa yake ni kuhamisha msumari na kuliendesha gari.

Betri ya gari yenyewe ipimwe likiwa limelala saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi ni afya, 12.2 ni kama nusu, na kompyuta huanza kuzima anasa kabla injini haijaonyesha dalili yoyote. Hata gari la umeme kwa kawaida lina betri yake ndogo ya volti 12 kwa kazi hizi, pamoja na ile kubwa ya kuliendesha. Hapa ndipo vifaa vya kufuatilia gari, vinavyofungwa kwenye magari mengi mapya ya mkopo na bima, vinapostahili kuchunguzwa. Kikifungwa vibaya kinanyonya umeme usiku na mchana na kulizuia gari lisilale sawasawa. Mwenye gari anaona taa tu, kumbe ugonjwa uko kwenye waya uliounganishwa chini ya usukani siku ya kwanza.

Kwa gari lililoshuka bandarini juzi, Dar es Salaam au Mombasa, kuna jambo jingine ambalo mafundi wa mitaani hawaambiwi. Watengenezaji kadhaa husafirisha magari yakiwa katika hali ya safari, ambayo huzima huduma nyingi ili betri ifike hai, na wakala ndiye anayepaswa kuiondoa kabla ya makabidhiano. Aliyejiagizia mwenyewe bila wakala anaweza kulichukua gari likiwa bado linajiona lipo melini. Hyundai na Kia, katika magari yao mengi, wameweka swichi ndogo ndani ya sanduku la fyuzi, na kitabu kinaonya kwamba ikiachwa imezimwa ufunguo unaweza usifanye kazi ipasavyo. Sekunde moja ya kidole inatosha. Wapo waliokwisha kutumwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road kutafuta moduli iliyotumika kwa sababu ya swichi kama hiyo, na moduli iliyotoka gari jingine huja na siri za gari jingine. Vivyo hivyo kwa ufunguo: wa soko la Ulaya haujibu gari la soko la Japani, hata kama maganda yake yanafanana kwa kila kitu, maana masafa ni tofauti.

Lazima niseme pia kwamba pengine giza hilo limewekwa kwa faida yako. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich walijaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, wakayafungua na kuyawasha yote kwa kurefusha tu mnong'ono wa gari hadi ulipo ufunguo. Mwizi mmoja husimama karibu na gari, mwenzake karibu na dirisha la nyumba, na gari huamini mwenyewe amefika. Kwa sababu hiyo funguo nyingi za sasa hulala zikikaa bila kutikiswa, na watu wengine huzihifadhi katika vifuko vya kuzuia mawimbi. Ukiutoa ufunguo kwenye kifuko ukiwa tayari mlangoni, taa za kukupokea hazina muda wa kukuona.

Suluhisho la kweli la wizi huo limeanza kufika na mawimbi ya bendi pana sana, ambayo BMW iliyatumia kwenye iX mwaka 2021. Gari hupima muda ambao wimbi limetumia njiani. Wimbi husafiri sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na mwizi anayelipitisha kwenye vifaa vyake anaweza kuuongeza muda huo, hawezi kuupunguza. Gari ambalo halina kipimo hicho, na linalala barabarani kila usiku, ningependelea limpokee mwenyewe kwa kitufe, na hiyo huduma ya kufunguka lenyewe izimwe.

Ikibidi kwenda gereji, nenda na maelezo yaliyoandikwa: linakataa mahali gani, kwa ufunguo upi, mlango upi, saa ngapi, baada ya kukaa siku ngapi. Omba kompyuta isomwe kabla kitu hakijafunguliwa, na uombe nakala ya kilichosomwa. Mlango uliowahi kupigwa rangi au kubadilishwa kitasa utajwe mapema, kwa kuwa antena hukaa humo na soketi yake husahaulika. Pia gari libaki gereji hadi jioni, fundi na mwenyewe walikaribie pamoja baada ya magharibi, kila mmoja kwa zamu na ufunguo wake, kabla ya ankara kulipwa.