Aliyefagia ofisi usiku ndiye aliyeipa Zambia kombe

Na MWANDISHI WETU

MCHEZAJI wa kandanda huitwa mzee akiwa katika umri ambao mwalimu au karani ndiyo kwanza anaizoea kazi yake. Akifika miaka 30 magoti humuuma, chipukizi wenye kasi humpita, na kocha huanza kumketisha kwenye benchi. Swali ambalo wachezaji wengi na wazazi wao hawajiulizi mapema ni hili: baada ya hapo, je?

Hapa kwetu si siri kwamba wako waliovalia jezi ya taifa, wakashangiliwa na maelfu ya watu uwanjani, kisha wakaishia kuomba nauli. Wengine waliacha shule kwa sababu ya mpira, na mpira ulipowaacha hawakuwa na pa kushika.

Ndiyo maana simulizi ya Mfaransa Hervé Renard inafaa kusomwa na kila kijana anayeota kuwa mwanasoka, na na kila mzazi anayemnunulia njumu. Huyu alikuwa beki ambaye hata nchini mwake wachache walimjua. Alipotundika daluga alishika ufagio, akafagia maofisi usiku. Lakini baadaye alikuja huku Afrika na kuwa kocha wa kwanza kushinda Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa na nchi mbili tofauti.

Beki asiyevuma

Renard alizaliwa Septemba 30, 1968 mjini Aix-les-Bains, katika eneo la milima la Savoie, mashariki mwa Ufaransa. Akiwa kijana alijiunga na klabu ya Cannes, mji wa pwani ya kusini ambao walimwengu wanaujua zaidi kwa tamasha lake la filamu. Klabu hiyo ndiyo iliyomwanzisha Zinedine Zidane katika soka ya kulipwa.

Zidane aliendelea kupanda hadi akashinda Kombe la Dunia mwaka wa 1998. Renard alishuka. Kutoka Cannes alikwenda Vallauris, mji mdogo wa jirani, kisha Draguignan, katika madaraja ya chini ambako mshahara wa mpira hautoshi kulisha nyumba. Mwaka huo huo wa 1998, wakati Ufaransa nzima ikicheza barabarani kwa furaha, yeye alikuwa anamaliza uchezaji wake bila hata mtu kugutuka.

Akawa hana budi kutafuta riziki. Mwenyewe amesimulia mara nyingi katika mahojiano jinsi alivyokuwa akiamka usiku wa manane kwenda kusafisha maofisi na kutoa takataka kabla ya wenye ofisi kufika. Hatimaye alifungua kampuni yake mwenyewe ya usafi. Jioni, baada ya kazi, alikwenda uwanjani kuifunza timu ya Draguignan.

Renard hajawahi kuionea haya kazi hiyo. Amekuwa akisema kwamba ilimfunza maisha halisi ya watu yalivyo, na kwamba anayeijua kazi ngumu hawezi kulalamika akipewa kazi ya kufunza mpira. Katika miji yetu, ambako kijana aliyesoma hadi kidato cha nne huona aibu kushika toroli, hilo ni jambo la kutafakari.

Simu ya mzee Le Roy

Aliyemtoa huko ni Claude Le Roy, kocha mkongwe Mfaransa aliyeisaidia Kamerun kutwaa Kombe la Afrika mwaka wa 1988. Le Roy alikuwa na kazi nchini Uchina mwanzoni mwa miaka ya 2000, akahitaji msaidizi, akamwita Renard. Wakaenda pamoja Shanghai.

Wasomaji wa hapa Kenya watamkumbuka mwanafunzi mwingine wa Le Roy: Sébastien Migné, aliyewahi kuwa msaidizi wake, ndiye aliyeipeleka Harambee Stars kwenye fainali za Kombe la Afrika nchini Misri mwaka wa 2019.

Lakini njia ya Renard haikunyooka mara moja. Mwaka wa 2004 alipewa Cambridge United, klabu ndogo ya Uingereza iliyokuwa mkiani mwa madaraja ya kulipwa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshafutwa, na klabu hiyo ikashushwa daraja msimu ulipokwisha. Alipita Vietnam, akarudi Ufaransa kufunza Cherbourg katika daraja la tatu. Kwa kipimo cha wengi, hapo mtu angekata tamaa na kurudi kwenye kampuni yake ya usafi.

Le Roy alimwita tena. Safari hii ilikuwa Ghana, nchi iliyoandaa Kombe la Afrika mwaka wa 2008. Ghana ilimaliza ya tatu, na miezi michache baadaye Zambia ikamwajiri Renard kuwa kocha mkuu.

Machozi ya Libreville

Ili kuelewa yaliyofuata, lazima turudi nyuma hadi Aprili 27, 1993. Siku hiyo ndege ya jeshi iliyokuwa imeibeba timu ya taifa ya Zambia kwenda Senegal ilianguka baharini muda mfupi baada ya kupaa kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwemo walikufa, 18 kati yao wakiwa wachezaji. Nahodha Kalusha Bwalya aliponea kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi na alipangiwa kusafiri peke yake.

Mwaka wa 2008 Kalusha huyo ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Zambia. Chini ya Renard timu ilifika robo fainali ya Kombe la Afrika mwaka wa 2010 nchini Angola, ikatolewa na Nigeria kwa penalti. Kisha Renard aliondoka, akaenda kuifunza Angola, halafu klabu ya USM Alger ya Algeria. Wazambia wengi hawakufurahia. Alipoitwa tena Oktoba 2011, baada ya Mwitaliano Dario Bonetti kufutwa ilhali alikuwa ameshaifuzisha timu, manung'uniko yalizidi.

Fainali za 2012 ziliandaliwa na Gabon na Guinea ya Ikweta. Zambia haikutajwa miongoni mwa wanaoweza kushinda. Wachezaji wake wengi walicheza nyumbani, Afrika Kusini au katika klabu ya TP Mazembe ya Lubumbashi. Waliichapa Senegal 2-1, wakatoka sare ya 2-2 na Libya, wakawalaza wenyeji Guinea ya Ikweta 1-0. Sudan ikala tatu bila jibu katika robo fainali. Katika nusu fainali kipa Kennedy Mweene alipangua penalti ya Asamoah Gyan wa Ghana, na Emmanuel Mayuka akafunga bao la pekee.

Katikati ya mashindano Renard alimtimua kambini mchezaji mmoja aliyevunja kanuni za timu na kukataa kuomba radhi. Hakujali kwamba timu ingepungua.

Fainali ikaangukia Libreville, mji ule ule. Kabla ya mechi wachezaji walikwenda ufuoni kuweka maua kwa ajili ya waliokufa mwaka wa 1993. Walipoingia uwanjani Februari 12, 2012 walikutana na Kodivaa ya Didier Drogba, Yaya Touré na Gervinho, timu ambayo haikuwa imefungwa hata bao moja katika mashindano yote.

Beki Joseph Musonda aliumia mapema akatoka akilia. Drogba akapiga penalti katika kipindi cha pili, mpira ukapaa juu ya lango. Dakika 120 zikaisha 0-0. Wakati wa mikwaju ya penalti, Wazambia waliokuwa kando ya uwanja walipiga magoti wakiimba. Stoppila Sunzu alipotia wavuni mkwaju wa mwisho, Zambia ikashinda 8-7, na kombe likaenda Lusaka kwa mara ya kwanza.

Jambo ambalo wengi hawajalisahau ni lile Renard alilofanya baada ya hapo. Alimwendea Musonda, ambaye hakuweza kutembea, akamnyanyua mikononi kama mtoto, akambeba hadi walipokuwa wenzake wakisherehekea.

Nchi ya pili

Mwaka wa 2014 waliomwajiri ni wale wale aliowaliza: Kodivaa. Nchi hiyo ilikuwa na mastaa kwa miaka mingi bila kombe tangu 1992. Februari 8, 2015, mjini Bata, Guinea ya Ikweta, ilikutana na Ghana katika fainali. Mambo yakawa yale yale: 0-0, kisha penalti.

Kodivaa ilikosa mikwaju miwili ya kwanza. Langoni alikuwa Boubacar Barry, mkongwe aliyecheza kwa sababu tu kipa wa kwanza, Sylvain Gbohouo, alikuwa ameumia. Ilipofika zamu ya makipa, Barry alipangua mkwaju wa Razak Brimah wa Ghana, kisha akaupiga wake mwenyewe ukaingia. Kodivaa 9, Ghana 8. Renard, akiwa na shati lake jeupe ambalo sasa mashabiki walilijua kuwa ni la bahati, akaingia katika historia.

Somo la beki kwa Messi

Baada ya hapo aliipeleka Moroko kwenye Kombe la Dunia la 2018, ikiwa ni mara ya kwanza tangu 1998. Katika kundi la mwisho la kufuzu Moroko ilicheza mechi sita bila kufungwa bao. Na ni Kodivaa, timu yake ya zamani, aliyoifungia mlango kwa kuichapa 2-0 mjini Abidjan Novemba 2017.

Lakini siku ambayo dunia nzima ililitaja jina lake ni Novemba 22, 2022, nchini Qatar. Akiwa kocha wa Saudia alikutana na Argentina ya Lionel Messi, ambayo ilikuwa imecheza mechi 36 bila kushindwa.

Hapo ndipo ubeki wake wa zamani ulipoonekana. Wengi walidhani Saudia ingejazana mbele ya lango lake. Renard alifanya kinyume. Aliwasukuma mabeki wake mbele hadi karibu na katikati ya uwanja, wakasimama mstari mmoja na kupanda pamoja, ili mshambuliaji wa Argentina aliyekimbia mapema akutwe ameotea. Ni mtego wa hatari, maana beki mmoja akichelewa hatua moja tu, adui anabaki na kipa peke yake. Ulinasa. Mbali na penalti ya Messi, Argentina ilitia mpira wavuni mara tatu katika kipindi cha kwanza, na mara zote tatu bao likakataliwa.

Wakati wa mapumziko Saudia ikiwa nyuma 1-0, kamera zilimnasa Renard akiwafokea wachezaji wake kwa kumwachia Messi nafasi, akiwauliza kama walitaka kuchukua simu wapige naye picha, huku mkalimani akihangaika kuyafuata maneno yake. Walirudi uwanjani wakafunga mawili katika muda wa dakika tano, kupitia Saleh Al-Shehri na Salem Al-Dawsari. Mfalme akatangaza kesho yake kuwa siku ya mapumziko kwa wafanyakazi na wanafunzi. Argentina hiyo hiyo ndiyo iliyotwaa kombe mwisho wa mashindano.

Si malaika

Tusimpambe kupita kiasi. Saudia ilishindwa na Poland na Mexico, ikarudi nyumbani mapema. Nchini mwake Ufaransa, Renard hakufaulu na klabu kubwa: Sochaux ilishushwa daraja mwaka wa 2014 siku ya mwisho ya msimu, na Lille ilimfuta mwaka wa 2015 baada ya miezi michache. Timu ya wanawake ya Ufaransa, aliyoichukua mwaka wa 2023, iliishia robo fainali ya Kombe la Dunia na pia ya Olimpiki ya 2024 jijini Paris.

Tena hakai mahali. Zambia aliiacha mwaka wa 2010. Saudia aliiacha mwaka wa 2023 kwa ajili ya timu hiyo ya wanawake, kisha akairudia Oktoba 2024 na kuifuzisha kwa Kombe la Dunia la 2026 kwa sare ya 0-0 na Iraq mjini Jeddah.

Kwa nini timu za taifa zimpende, na klabu zimkatae? Klabu hutaka mtu wa kukaa na wachezaji kila siku kwa miezi kumi. Timu ya taifa hukutana siku chache, na kocha hana muda wa kufunza mambo mengi. Anachohitaji ni kuwaunganisha watu wanaotoka pembe mbalimbali wakubali kuumia pamoja. Kipaji cha Renard kiko hapo, na huenda alikipata zaidi kwenye zamu za usiku kuliko kwenye nyasi za Cannes.

Kwa mzazi na mwanafunzi

Yako mambo mawili ya kuchukua hapa. La kwanza, mchezaji wa kawaida anaweza kuwa kocha mkubwa, lakini hatakuwa hivyo kwa kuketi na kungoja. Renard alifunza vijana wa Draguignan akiwa amechoka kwa kazi ya usiku, wakati ambapo hakuna gazeti lililomwandika. Ukocha ni taaluma. Una masomo yake na vyeti vyake, na siku hizi hata Afrika klabu kubwa haimwajiri mtu kwa sababu tu aliwahi kuucheza mpira.

La pili linahusu heshima ya kazi. Kijana wako akikwambia anataka kuwa mwanasoka, usimkemee wala usimchekelee tu. Mwulize atafanya nini siku mpira utakapomwacha, na kama yuko tayari kuifanya kazi hiyo hata kama ni ya kufagia. Akikujibu vizuri, mnunulie njumu.