Programu za wasioona: Ya bure yaibana ya dola 895, lakini haijaiua

SOKO la programu zinazowasomea wasioona maandishi ya kwenye kompyuta limekuwa na mwenendo wa kushangaza kwa karibu miaka 20 sasa. Bidhaa moja huuzwa kwa mamia ya dola. Nyingine, inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo, hutolewa bure. Kwa hesabu za kawaida za sokoni, ile ya kulipia ingekuwa imeshafungasha virago. Haijafungasha.

Kwa mujibu wa uchunguzi wa taasisi ya WebAIM ya Marekani, uliofanyika kati ya Desemba 2023 na Januari 2024 na kujibiwa na watumiaji 1,539, asilimia 40.5 walisema programu yao kuu ni JAWS, ambayo ni ya kulipia. Asilimia 37.7 walitaja NVDA, ambayo ni ya bure. Mwaka 2019 NVDA ilikuwa mbele kidogo, 40.6 kwa 40.1. Mwaka 2021 JAWS ikapanda hadi 53.7, kisha ikashuka tena. Tarakimu hizo zisichukuliwe kama sensa, maana wanaojibu hujitolea wenyewe na wengi wanaishi Amerika Kaskazini na Ulaya. Hata hivyo zinatosha kuonyesha kwamba bei peke yake haikuamua mshindi.

Kwanza ieleweke mnunuzi analipia nini. Kipanya cha kompyuta kinashikwa kwa mkono, lakini mwongozaji wake ni jicho: mtu huutazama mshale, huusogeza mpaka juu ya alama anayoitaka, kisha hubofya. Asiyeona hawezi kujua mshale umefika wapi. Kwa hiyo hufanya kazi yake kwa kibodi, na programu ya kusoma skrini humtamkia kila anachokifikia. Kitufe cha Tab humpeleka kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Katika kurasa za intaneti, herufi H humrusha kwenye kichwa cha habari kinachofuata, na herufi B kwenye batani inayofuata. Wazoefu huharakisha sauti hiyo kiasi kwamba mgeni akisikiliza haambulii neno.

Kipanya nacho hakikutupwa kabisa. Ipo kazi ambayo aliyetengeneza programu hakuiwekea njia ya kibodi. Hapo mtumiaji wa NVDA huamuru mshale uende mahali anaposoma, kisha hubonyeza alama ya mkwaju kwenye vitufe vya namba, na hiyo inahesabika kuwa ameshabofya. Akipenda kusogeza kipanya kwa mkono, programu inaweza kumtamkia kilicho chini ya mshale na kutoa mlio unaopanda kadiri mshale unavyopanda kwenye skrini. Wenye uoni hafifu hufuata njia nyingine: hukuza maandishi kwa programu kama ZoomText na kuendelea na kipanya chao.

Njia hizi zilizaliwa na tishio la kukosa ajira. Enzi za DOS skrini ilikuwa maandishi matupu, na asiyeona aliyekuwa na programu ya kuyasoma aliweza kufanya kazi ofisini bega kwa bega na wenzake. Windows ilipoenea, hasa baada ya toleo la 1995, maandishi yakageuka kuwa picha. Programu za kusoma zililazimika kunasa amri za kuchora kabla hazijafika kwenye skrini, ndipo zikisie kilichoandikwa. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba jimbo la Massachusetts huko Marekani lilitishia kuacha kununua Windows kwa ajili ya ofisi zake. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilitoa utaratibu maalumu wa kuiwezesha programu moja kuieleza nyingine ni nini kilichopo kwenye skrini.

Aliyelinusa soko hilo mapema ni Bw. Ted Henter wa Florida, mhandisi na mwendesha pikipiki wa mashindano aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Mwaka 1987 alianzisha kampuni ya Henter-Joyce pamoja na Bw. Bill Joyce, na miaka miwili baadaye wakatoa JAWS ya DOS. Ya Windows ilitoka Januari 1995. Mwaka 2000 kampuni hiyo iliungana na nyingine mbili ikawa Freedom Scientific, ambayo leo iko chini ya Vispero.

Kwa miaka mingi JAWS ya kawaida iliuzwa dola 895, na ile ya kitaalamu dola 1,095. Asiye na leseni aliweza kuitumia kwa dakika 40, kisha akalazimika kuwasha kompyuta upya. Bei hiyo ilihimilika kwa sababu mtumiaji si lazima awe ndiye mlipaji. Katika nchi tajiri bili hupelekwa kwa mwajiri, chuo au idara ya serikali ya ajira za walemavu. Mnunuzi wa namna hiyo hababaishwi na dola mia mbili tatu. Anachotaka ni mafunzo, simu inayopokelewa mambo yakiharibika, na programu inayoweza kurekebishwa ilingane na mifumo ya ofisi yake. JAWS inavitoa hivyo vyote.

Aliyeumia ni asiyeona anayejilipia mwenyewe, akiwemo yule wa nchi ambayo bei ya leseni inapita ya kompyuta yenyewe. Kwa ajili ya huyo, mwaka 2006 kijana wa Australia, Bw. Michael Curran, asiyeona, alianza kuandika NVDA, na Bw. James Teh, naye asiyeona, akajiunga naye. Shirika lao lisilo la kibiashara, NV Access, liliundwa 2007. Fedha zake zinatokana na michango, ruzuku za makampuni kama Mozilla katika miaka ya mwanzo, na mauzo ya vitabu vya mafunzo na vyeti. Programu yenyewe haina bei.

Pigo hilo lilimwangukia yule wa katikati. Window-Eyes, mpinzani wa JAWS aliyekuwa akiuzwa pia dola 895, mwaka 2014 ilitolewa bure kwa wenye leseni ya Microsoft Office. Haikusaidia. Kampuni iliyoimiliki ilinunuliwa na kundi la Freedom Scientific mwaka 2016, na mwaka uliofuata bidhaa ikafutwa. Haikuwa na mtandao wa mafunzo wa JAWS wala wafuasi wa NVDA. JAWS nayo ililegeza kamba: mwaka 2018 ilileta leseni ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani huko Marekani, kwa bei isiyofika dola 100.

Upande wa vifaa hali ni ngumu zaidi. Ubao wa nukta nundu unaounganishwa na kompyuta, wenye vijipini vinavyopanda na kushuka chini ya vidole, bado unagharimu maelfu ya dola kwa ule wa herufi 40 kwa mstari. Vimeanza kupatikana vya herufi 20 kwa mamia ya dola.

Kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki bidhaa iliyo karibu zaidi ni simu. Apple iliweka VoiceOver ndani ya iPhone 3GS mwaka 2009, na mwaka huo huo Android ikapata TalkBack. Muuza simu wa Kariakoo au wa River Road ana programu hiyo ndani ya simu nyingi alizopanga kabatini, lakini ni wangapi wanaoweza kumwonyesha mteja asiyeona jinsi ya kuiwasha? Huko Kenya, shirika la inABLE lilianza mwaka 2009 kufundisha kompyuta katika shule ya msingi ya wasioona ya Thika, na kazi hiyo ikaenea shule nyingine. Sauti ya Kiswahili nayo ipo katika eSpeak, injini ya bure inayokuja na NVDA, ingawa inasikika kama roboti aliyesoma shule ya bweni.

Anayeuza bidhaa kwa intaneti ana hesabu nyingine ya kupiga. Mwaka 2008 kampuni ya maduka ya Target huko Marekani ilikubali kulipa dola milioni 6 kumaliza kesi iliyofunguliwa 2006 na chama cha taifa cha wasioona, kwa kuwa tovuti yake haikusomeka kwa programu hizi. Kasoro zenyewe ni za kawaida: picha ya bidhaa isiyo na maelezo, ambayo mteja huisikia kama msururu wa namba za faili, batani ya kulipia isiyo na jina, inayotamkwa "batani" basi. Mwenye duka anaweza kujipima leo bila kumwita fundi. Aweke kipanya pembeni, afungue tovuti yake, na kwa kitufe cha Tab na Enter tu ajaribu kununua kitu mpaka afike kwenye malipo.