Motopompa Haishuki Shimoni

Katika machimbo ya koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, kama ilivyo kwa wachimbaji wa kasiteriti wa Walikale, maji ni adui wa kila msimu wa mvua. Wachimbaji wanafika asubuhi, shimo limejaa, na PDG, yaani mwenye shimo, anataka kazi ianze. Chombo kilichopo ni motopompa ya esansi. Wengine huifunga kamba na kuishusha chini. Hapo ndipo watu wanapofia, na hufa bila kelele.

Hawaishushi kwa uzembe. Pampu ya kuvuta huondoa hewa ndani ya mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Kwenye usawa wa bahari, mwisho wake ni kama mita 10. Milimani hewa ni nyepesi: kwenye kimo cha mita 2,000 mwisho ni mita 8, na kwa mashine iliyokwisha kutumika ni 5 au 6. Sheria ya Kongo inamkataza mchimbaji mdogo kupita mita 30, lakini hata shimo la mita 15 linatosha kuifanya motopompa iliyo juu ingurume siku nzima bila kutoa tone.

Injini ya esansi hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu ya moshi inatokana na vitu vingine. Ikipungua, msidhani hewa imesafika. Uzito wa gesi hii unakaribiana na wa hewa yenyewe, kwa hiyo shimoni inachanganyika na kubaki. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, kisha miguu inalegea, na mtu mwenye akili timamu anashindwa kupanda ngazi anayoiona mbele yake.

Wako wanaopima hewa kwa mshumaa. Mshumaa huzimika oksijeni inapopungua sana, na kwa hilo unasaidia. Kwa monoksidi hausaidii hata kidogo: sehemu 1,200 katika milioni za hewa zinahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na katika hewa hiyo mshumaa utawaka vizuri tu. Kinachoipima ni kifaa maalumu cha betri, na kila kooperativi ingepaswa kuwa nacho.

Kompresa ya kupeleka hewa chini nayo ina mtego wake. Nenda uitazame ilivyowekwa: mara nyingi mdomo wake wa kuvuta hewa uko hatua moja tu kutoka bomba la moshi la injini inayoizungusha. Hapo mashine inawapelekea walio chini moshi wake yenyewe. Mdomo huo uwe mbali, upande upepo unakotoka, na uangaliwe tena kila upepo unapogeuka. Anayeitengeneza azime injini, achomoe waya wa plagi, atoe hewa yote kwenye tangi, ndipo aguse mkanda. Asifanye hivyo kabla walio chini hawajapanda wote.

Dawa ya maji ni pampu ya umeme ya kuzamishwa. Yenyewe inakaa majini na kuyasukuma juu, huku jenereta ikibaki nje, mbali na mdomo wa shimo. Waya wake usiwe na viungo vya kufungwa kwa mpira, na uwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, kwa sababu umeme ndani ya maji nao unaua.

Mtu akianguka chini, zimeni injini inayopeleka moshi shimoni na mumvute kwa kamba, kama amefungwa. Msimfuate bila chombo cha kupumulia: ndugu anayeteremka kumwokoa mwenzake ndiye maiti ya pili. Akitolewa akiwa hai, apelekwe hospitali apewe oksijeni, hata akisema amepona. Maziwa hayaondoi gesi hii katika damu.

Enyi ma-PDG na viongozi wa kooperativi, kabla hamjanunua motopompa nyingine, ulizeni bei ya pampu ya kuzamishwa. Mpaka ipatikane, maji yatolewe kwa ndoo, au shimo lingoje kiangazi.