Rosa Mistika: Mamlaka ya Mzazi Yanaishia Wapi?

Mtahiniwa akiulizwa kwa nini Rosa anaangamia, mara nyingi hujibu kwamba alipata uhuru akautumia vibaya. Jibu hilo halitakufikisha mbali, kwani linaanzia katikati ya hadithi.

Rudi nyumbani kwao, Namagondo, kisiwani Ukerewe. Zakaria, baba aliyezama katika ulevi, anampiga bintiye vikali kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Tazama kwamba hamfunzi lolote, anakataza tu. Rosa anakua akiwaogopa wanaume badala ya kujifunza kuwapima. Anapofika chuoni, ambako jicho la baba halimfikii, hana kigezo chake mwenyewe cha kuamulia. Anajitosa, na hatimaye anajiua. Je, kilichomponza ni uhuru, au ni kutozoezwa kuwa huru? Mimi nashikilia la pili, japo sisemi kwamba Rosa hana lawama. Kezilahabi mwenyewe hamtakasi.

Kuna jambo jingine, hili la nje ya riwaya, ambalo mwalimu asilipuuze. Kitabu kilichapishwa mwaka wa 1971, kisha kikapigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili, ingawa baadaye kilikubaliwa. Wakubwa hao walifanya alichofanya Zakaria: walimpokonya kijana maandishi bila kumweleza yaliyomo. Kwa hivyo, ukikutana na swali kuhusu mipaka ya mamlaka ya jamii, anzia kwenye barua ya Charles, wala si chuoni.