Umri wa bunduki kongwe hausomwi kwenye nambari pekee

THEODORE Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuondoka madarakani kama Rais wa Marekani, alipowasili Mombasa mnamo Aprili 1909 kwa safari yake ya uwindaji, alikuwa na bunduki za Winchester aina ya Model 1895. Anayelisoma jina hilo leo huenda akadhani kuwa silaha hizo ziliundwa mwaka wa 1895. La hasha. Huo ni mwaka ambao muundo wenyewe ulizinduliwa, na kiwanda kiliendelea kuutengeneza hata baada ya Roosevelt kurejea kwao.

Kosa hilo huwagharimu pakubwa wanunuzi wa bunduki kongwe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, lakini nchini Marekani, ambako ungali halali, bunduki za mababu huuzwa minadani na madukani kila uchao, na umri una uzito mkubwa katika kuamua bei. Wakati mwingine huamua pia sheria itakayotumika. Chini ya sheria ya kitaifa ya mwaka wa 1968, bunduki iliyoundwa mwaka wa 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na haifungwi na masharti yanayoziandama zile zilizoundwa baadaye. Hata hivyo, majimbo yana sheria zake. Mwaka mmoja tu, basi, waweza kuiweka bunduki ng'ambo hii ya mpaka au ile.

Mtego wa kwanza ni maandishi ya mtutuni. Kwenye Model 1894, iliyobuniwa na John Browning, mnunuzi hukuta tarehe ya Agosti 21, 1894. Hiyo ni tarehe ya hataza, yaani siku ambayo haki ya ubunifu ilitolewa. Bunduki zilizotengenezwa miaka mingi baadaye huibeba tarehe iyo hiyo, na muuzaji asiye mwaminifu hana haja ya kusema uongo. Humwachia mteja asome mwenyewe.

Ushahidi wa maana zaidi ni nambari ya mfululizo iliyochongwa kwenye mwili wa chuma unaoshika mtutu. Lakini orodha zinazolinganisha nambari na miaka hazikubaliani zote. Kwa Model 1894, orodha zilizochapishwa zamani zinatofautiana na daftari za kiwanda chenyewe, na tofauti hiyo ndiyo yenye kuzua mabishano kuhusu bunduki zilizo karibu na mwaka wa 1898. Daftari nyingi za Winchester zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Cody, Wyoming, ambalo hutoa barua ya uthibitisho kwa ada. Mnunuzi anayekaribia kulipa pesa nyingi afadhali aigharimie barua hiyo kwanza.

Mfano unaoeleza mambo kwa uwazi zaidi ni wa Model 70, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1936. Mnamo 1964 kampuni ilipunguza gharama. Ukucha mpana wa chuma ulioshika risasi tangu ikitoka ghalani mwake ukaachwa, na michoro ya kitakoni iliyokatwa kwa mkono ikawa ya kugandamizwa kwa mashine. Wawindaji walinung'unika, na bunduki za kabla ya mwaka huo zikapanda thamani. Nambari zake zinakomea 581,471, ilhali muundo mpya ulianzia 700,000. Ukucha peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa kampuni iliurejesha katika miaka ya tisini.

Hata nambari ikiwa sahihi, inatoa umri wa kile kipande cha chuma kilichochongwa tu. Mtutu huchakaa na kubadilishwa, kitako huvunjika. Kwenye Model 70 za zamani, tarakimu mbili za mwaka zilipigwa chini ya mtutu, mahali pasipoonekana mpaka kitako kifunguliwe. Tofauti ya mwaka mmoja hivi si ajabu, kwani mitutu ilikaa ghalani kabla ya kutumika. Tofauti ya miaka kumi ni habari nyingine.

Jina la risasi pia hufichua mengi. Risasi ya .308 Winchester ilitolewa mwaka wa 1952, na .243 mwaka wa 1955. Ile ya .458, iliyokusudiwa wawindaji wa ndovu na nyati barani Afrika, ilitoka 1956. Bunduki ambayo nambari yake ni ya 1938 lakini mtutu wake una chapa ya .308 haikutoka kiwandani hivyo. Huenda ikalenga shabaha barabara, ila si ya kulipiwa bei ya kitu halisi.

Kampuni nyingine zina mbinu zao. Remington ilianza mwaka wa 1921 kupiga herufi ubavuni mwa mtutu: B kwa Januari, L kwa Februari, A kwa Machi, hadi X kwa Desemba. Herufi za miaka hurudiwa baada ya muda, hivyo ni lazima kujua aina ya bunduki kwanza. Nazo bunduki nyingi za bei nafuu za kabla ya 1968 hazina nambari kabisa, kwa sababu sheria ilikuwa bado haijalazimisha.

Kuna na suala la uhai. Silaha nyingi za karne ya 19 ziliundwa kwa baruti nyeusi, yenye nguvu ndogo kuliko baruti isiyotoa moshi iliyofuata. Ukitiwa risasi ya kisasa, mtutu wa namna hiyo unaweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Fundi wa bunduki ndiye wa kuamua kama inafaa kufyatuliwa.

Muuzaji akikataa kitako kisifunguliwe mbele ya fundi, mnunuzi atazame vichwa vya skrubu. Vikiwa vimekwaruzwa na kung'oka kingo, kuna aliyekwisha kuifungua kabla yake.